Ukaribishaji wa Waimbaji Hewani: Tarikhi Kutoka Milima ya Usambara

Msafiri atokaye Lushoto kwa njia ya Magamba na Lukozi, akikusudia kufika Mtae kwa miguu, aghalabu hulala Rangwi, katika nyumba ya watawa wa Kikatoliki ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwapokea wapita njia. Na akaaye Rangwi hata kwa jioni moja hubainikiwa na jambo ambalo wenyeji walilijua kabla redio haijazaliwa, nalo ni kwamba milima huigawa sauti kwa mapenzi yake, ikiipeleka mbali kwa upande huu na kuikata ghafula kwa upande ule, hata wimbo uimbwao bondeni ukasikika wazi katika mteremko wa ng'ambo, na usisikike kabisa nyuma ya kilima kilicho karibu zaidi. Ukarimu kwa mgeni na taabu ya sauti kuvuka mlima, mambo hayo mawili ndiyo yanayoniongoza katika habari ninayotaka kuieleza, ambayo ni tarikhi ya kazi isiyoandikwa sana: kazi ya kumkaribisha mwimbaji redioni, apige chombo chake na kuimba papo hapo, naye msikilizaji aipokee sauti ile wakati ule ule nyumbani kwake.

Kazi hiyo huonekana nyepesi machoni pa asiyeifanya. Hudhaniwa kwamba mtangazaji ana wajibu wa kutaja jina la kikundi, kutaja saa, kisha kunyamaza. Lakini muziki upigwao hewani moja kwa moja haulingani na wimbo uliokwisha kutiwa katika kanda, kwa kuwa uzi wa gitaa hukatika, mwimbaji hupaliwa, ngoma hulegea kwa baridi ikataka kuotwa moto, na msikilizaji asiyeona lolote hana wa kumweleza yanayojiri isipokuwa mtu mmoja aliye mbele ya kipaza sauti. Mtu huyo ni mwenyeji wa pande mbili. Ni mwenyeji wa waimbaji waliofika studio, ambao wengi wao hawajapata kuiona, na ni mwenyeji wa umati uliotawanyika majumbani ambao yeye mwenyewe hauoni. Nami nashikilia kwamba ukaribishaji huo ndio roho ya jambo zima, na kwamba redio zetu ziliufanya vyema kila zilipokumbuka adabu zilizokuwamo katika ngoma na taarab kabla ya mtambo wowote kuwasili.

Adabu hizo ni za kale. Katika Unguja chama cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905, na taarab yake, iliyopata vyombo na makamu kutoka Misri, ilifunguliwa kwa bashrafu, muziki mtupu usio na maneno, ambao huwapa wasikilizaji fursa ya kutulia na wapigaji fursa ya kuhakikisha kwamba udi, kanuni na fidla vimekubaliana. Milimani kwetu, mdumange, ngoma ya Washambaa, ilikuwa na mwenye shughuli wake, aliyewaita wachezaji, akawaandalia, na akachukua dhima yao mbele ya watu. Mwimbaji hakuingia uwanjani bila ya mtu wa kumwingiza. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, sauti yake adhimu ilitoka katika hadhara ya namna hiyo ikaingia katika kitu kisicho na mwenyeji, kwani santuri huanza na kwisha, wala hapana amwambiaye msikilizaji kwamba huyu ni binti wa nani, ametoka Fumba kwa ajili gani, na wimbo huu aliuimba kwa sababu ipi. Siti, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alifariki mwaka 1950. Na redio ya Sauti ya Unguja ilianza mwaka uliofuata. Nasikitika kila nifikiripo hesabu hiyo ya mwaka mmoja.

Mfano uliokuwa mbele ya watu wa pwani ulikuwa Cairo. Redio ya Misri ilifunguliwa mwaka 1934, na Umm Kulthum akawa akiimba kwa watu wote waliofikiwa na mawimbi yake usiku wa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, moja kwa moja kutoka ukumbini, mtangazaji akiwaeleza wasikilizaji hali ya ukumbi kabla ya pazia kufunguliwa, ili aliye mbali apate kuketi na walioketi. Katika Unguja palikuwa na watu waliozifuata Alhamisi hizo kwa taadhima, na haikuwa ajabu kwamba Sauti ya Unguja, yenye studio zake Raha Leo, katika mtaa wa Ng'ambo, ilivipa vyama vya taarab mahali pa heshima katika matangazo yake. Kadhalika huko Marekani, katika mji wa Nashville, kipindi cha Grand Ole Opry kilikuwa tangu mwaka 1925 kikiwaleta redioni wapiga fidla na banjo wa mashambani, wapige mbele ya hadhira. Na miongoni mwa waliowasikia walikuwamo watu wa milima ya nchi ile, waliokuwa mbali na mji kwa namna ambayo mtu wa Usambara angeifahamu bila kuelezwa.

Katika Tanganyika, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 kwa mitambo hafifu iliyosikika mjini na kando kando yake tu. Mwaka 1956 likaundwa shirika la Tanganyika Broadcasting Corporation, mitambo ikaongezwa nguvu, na mwaka 1965 shirika hilo likageuzwa kuwa idara ya Serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, ambalo watu wote walilifupisha wakasema RTD. Hapa yafaa nieleze jambo la ufundi, maana bila ya hilo tarikhi ya redio milimani haieleweki. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda juu yakafika tabaka la anga lenye umeme, yakarudishwa chini, hivyo humshukia mtu wa bondeni kutoka mbinguni, wala kilima kilicho mbele ya nyumba yake hakina uwezo wa kuyazuia. Kwa sababu hiyo Rangwi, Mtae na Mlalo, mahali ambapo gari lilifika kwa shida siku za masika, palisikia Dar es Salaam, tena palisikia Nairobi, London na Cairo, sauti ikipanda na kushuka kwa mikoromo yake, hasa nyakati za usiku. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ilipoanza kutengeneza redio na betri za National nchini, chombo hicho kilizidi kuenea. Lakini bado redio moja ilikuwa ya watu wengi, ikiwekwa dirishani au barazani, na kampeni za elimu kama Mtu ni Afya ya mwaka 1973 zilijengwa juu ya desturi hiyo hiyo ya watu kukusanyika wakasikiliza pamoja.

Basi mlima ulisikia. Ila kwa muda mrefu haukusikika. Studio ilikuwa Dar es Salaam, katika Barabara ya Pugu, na kijana wa Rangwi aliyekuwa na gitaa na nyimbo alipaswa kwanza kufika Lushoto, kisha kuteremka zile kona za kilomita 33 mpaka Mombo, kisha kutafuta basi la kwenda mji asioujua, akiwa na wenzake na vyombo vyao, kwa ajili ya wimbo wa dakika chache. Waliomudu safari hiyo walikuwa watu wa bendi za mijini. Kutoka Tanga walikwenda Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ambao ushindani wao uliwagawa vijana wa mkoa mzima, na kwa upande wa taarab walikuwapo Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, ambao waliingiza magitaa katika taarab wakaifanya iwe changamfu, na kati yao sauti ya Shakila binti Said ikajulikana Afrika ya Mashariki nzima. Washambaa wengi waliokuwa wakifanya kazi bandarini na katika mashamba ya mkonge walizijua bendi hizo kwa macho, wakarudi milimani na habari zake. Ndugu zao waliobaki walizijua kwa RTD.

Yatupasa tuikumbuke kwa insafu namna RTD ilivyofanya kazi. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na mwanamuziki aliyetaka santuri alitazama Nairobi au Mombasa. Kwa hiyo studio ya redio ndiyo iliyokuwa studio ya taifa. Mashairi yalipelekwa kwanza mbele ya kamati iliyoyapima kwa maadili na siasa, na baada ya kukubaliwa bendi iliingia chumbani, ikapangwa kuzunguka vipaza sauti vichache, ikapiga wimbo wote kwa pamoja tangu mwanzo hata mwisho. Hapakuwa na kurekebisha sehemu moja na kuiacha nyingine. Mpiga tarumbeta akikosea katika ubeti wa mwisho, wote walirudi mwanzo. Ndiyo kusema kwamba hata zile kanda tunazozisikia leo, tukaziita nyimbo za zamani zilizopendwa, kwa hakika ni muziki wa moja kwa moja uliokamatwa ukawekwa. Na mtu anayejua kusikiliza husikia ndani yake chumba, umbali wa mpiga ngoma, na uangalifu wa watu wanaojua kwamba hawana nafasi ya pili.

Lakini kipindi ambacho wakongwe wengi hukitaja kwa hamu ni Klabu Raha Leo Show cha RTD, ambamo bendi ilipiga mbele ya hadhira, na makofi, vigelegele na maneno ya mtangazaji yote yakaenda hewani. Hapo ndipo mtangazaji alipokuwa mwenyeji kwa maana kamili. Aliwataja wapigaji mmoja mmoja kwa majina na vyombo vyao. Aliwataja na waliotuma salamu kutoka wilaya za mbali. Na pale nyuzi zilipokuwa zikikazwa aliyajaza mapengo kwa habari za bendi na miji yao bila ya kuonyesha haraka. Msikilizaji wa mlimani, ambaye hajapata kuingia katika ukumbi wa dansi, alijiona amekaribishwa na mtu mwenye adabu aliyemwekea kiti. Sidhani kwamba shule yoyote iliwafundisha watangazaji wale jambo hilo. Waliyachukua yaliyokuwa kwao, katika harusi na baraza, wakayatia katika mtambo.

Milimani palikuwa na mkondo mwingine, ambao wasimulizi wa muziki wa dansi huupita bila kuuangalia. Wamisionari Johanssen na Wohlrab wa Kilutheri walifungua misheni ya Mlalo mwaka 1891, wenzao wakafuata Mtae na Vuga. Na Wakatoliki nao wakaweka misheni zao, Gare na baadaye Rangwi. Pamoja na vitabu vilikuja vinanda na matarumbeta, kwa sababu Bethel, huko Ujerumani, walikotoka Walutheri hao, palikuwa makao ya Johannes Kuhlo, mtu aliyeeneza vikundi vya matarumbeta ya kanisa kwa bidii iliyompatia sifa ya ujemadari. Washambaa waliyapokea wakayafanya yao, yakapigwa katika harusi, sikukuu na mazishi. Na kwaya zikawa nyingi hata usharika usio na kwaya ukawa kitu cha kushangaza. Mwaka 1963 Radio Sauti ya Injili ilipoanza kutangaza kutoka Addis Ababa, ikilishwa vipindi vya Kiswahili na studio iliyokuwa Moshi, kwaya za kaskazini ya nchi zilipata mahali pa kurekodiwa pasipokuwa Dar es Salaam. Na iliponyang'anywa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977, studio ya Moshi haikufa pamoja nayo. Nataja haya kwa kuwa mazoea ya kwaya, ya kusimama kwa safu, kufuata ishara ya mwalimu, na kuimba kwa pamoja bila kupotezana, ndiyo yaliyowapa watu wa milima hii uwezo wa kuingia studio bila hofu siku studio ilipowajia.

Siku hiyo ilichelewa. Mwaka 1982 palijaribiwa huko Homa Bay, Kenya, kwa msaada wa UNESCO, redio ndogo ya watu wa mahali pale, nayo ikafungwa baada ya miaka miwili. Katika Tanzania sheria ya mwaka 1993 ilikomesha hali ya Serikali kuwa mtangazaji pekee. Mijini zikatokea redio za biashara na za dini, na baadaye, huko Terrat katika Simanjiro, Wamasai wakapata redio ya Orkonerei. Mkoani Tanga, Pangani FM, iliyoanzishwa chini ya shirika la UZIKWASA, ikawa sauti ya vijiji vya pwani. Lushoto nako Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kilutheri ikawa na redio yake, Utume FM. Hapo mambo yaligeuka kichwa chini kwa upande wa mlima. Mawimbi ya FM ni safi, hayana mikoromo, na muziki husikika ndani yake kwa uzuri ambao masafa mafupi hayakuujua. Lakini husafiri mstari mnyoofu, na kilima humaliza safari yake. Kijiji kilichokuwa kikisikia London kikaweza kukosa redio iliyo kilomita chache kutoka hapo, huku mtu wa tambarare ya Mkomazi, chini kabisa ya genge la Mtae, akaipata wazi wazi kwa kuwa hapana kitu kati yake na mnara.

Hata hivyo studio ilikuwa imekaribia, na kazi ya ukaribishaji ikaanza upya katika vyumba vidogo. Chumba cha redio ya jamii aghalabu hakikujengwa kwa muziki. Kuta zimefunikwa kwa mazulia au makatoni ya mayai, vipaza sauti ni viwili au vitatu, na paa ni la bati, ambalo mvua za vuli zikilipiga hapana awezaye kuimba juu yake. Basi fundi na mtangazaji hutumia umbali mahali pa mitambo: ngoma huwekwa mlangoni, au nje ya mlango ulioachwa wazi kidogo, zeze husogezwa karibu, waimbaji wenye sauti kali husimama nyuma ya wenye sauti laini, na kwaya ya watu ishirini hupangwa kwa nusu duara kuzunguka kipaza sauti kimoja, mwalimu wao akiwasogeza hatua moja mbele au nyuma mpaka sauti zilingane. Haya ni maarifa yale yale ya Barabara ya Pugu, na nayaheshimu sana, kwa sababu mchanganyiko unaofanywa kwa miguu ya waimbaji hauwezi kufanywa na mtu asiyewasikiliza.

Kisha huja kazi ya maneno. Mwimbaji wa kijijini hakuja na karatasi ya sifa zake, na ukimwuliza ghafula, "Jitambulishe kwa wasikilizaji," atataja jina moja kisha atanyamaza. Mwenyeji anayeijua kazi yake huketi naye nje kabla ya kipindi, humwamkia kwa heshima ya umri wake, akimwita mzee au bibi kama inavyostahili, humwuliza ametoka upande gani, ni nani aliyemfundisha, ngozi ya ngoma ni ya mnyama gani, na wimbo huimbwa wakati wa jambo gani. Na hayo ndiyo atakayomrudishia hewani kidogo kidogo, ili mzee azungumze kana kwamba mazungumzo yanaendelea. Wala hamkatizi katikati ya wimbo ili ataje saa. Wimbo wa ngoma hauna urefu uliopimwa. Hurefuka wachezaji wakikolea. Na mtangazaji mwenye kuogopa taarifa ya habari inayokaribia huuharibu kwa kuupunguza sauti pale pale unapofikia utamu wake. Nimesikia hayo yakifanywa, na nayahesabu kuwa utovu wa adabu sawa na kumwondolea mgeni sahani kabla hajashiba.

Kuna na jambo la lugha. Kanuni za utangazaji nchini humtaka mtangazaji anene kwa Kiswahili au Kiingereza, ilhali nyimbo za mdumange ni za Kishambaa, na wasikilizaji wa redio ya Lushoto ni Washambaa, Wapare, Wambugu, na watumishi waliohamishwa kutoka mikoa mingine. RTD ilikuwa imekwisha kuonyesha njia tangu zamani, kwa kuwapeleka watu wake mikoani na vyombo vya kurekodia, wakakusanya ngoma na nyimbo katika lugha za nchi nzima, kisha wakazitanguliza kwa maelezo ya Kiswahili. Mwenyeji wa leo hufanya vivyo hivyo, na hapo hupimwa kuliko mahali pengine popote. Akieleza mno, wimbo hufika umekwisha kuchoka. Asipoeleza, nusu ya wasikilizaji hubaki nje ya mlango. Aliye hodari husema sentensi mbili au tatu kuhusu tukio lililouzaa wimbo, bila ya kuufasiri neno kwa neno, na huacha sauti ifanye yaliyobaki.

Linalonihuzunisha katika tarikhi hii ni kwamba sehemu yake kubwa imekwenda na upepo. Maktaba ya kanda za RTD, iliyo sasa mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, ina maelfu ya nyimbo, nayo ni hazina ya taifa. Lakini mtu akitaka kuisikia ile sauti iliyowakaribisha waimbaji, utani wa kungojea nyuzi zikazwe, jina la mpiga besi likitajwa kwa tambo, na salamu za watu wa wilaya, ataambulia machache, kwa kuwa muziki ndio uliohesabiwa kuwa mali, na maneno ya mwenyeji yalihesabiwa kuwa kifungashio. Redio ndogo za leo ziko katika hatari ya kufanya vivyo hivyo kwa sababu nyingine: kipindi huenda hewani, watu hufurahi, na siku ya pili hapana kilichobaki isipokuwa vipande vilivyonaswa na simu ya jamaa wa mwimbaji. Zamani kanda ilikuwa ghali na ilipasa kutumiwa tena. Sasa saa nzima ya kipindi hukaa katika kadi ndogo itiwayo ndani ya simu, hivyo udhuru wa gharama umekwisha. Iwekwe saa nzima, tangu salamu ya kwanza mpaka kuagana, mvua juu ya bati ikiwamo na uzi uliokatika ukiwamo. Na kando yake liwekwe daftari lenye majina ya waimbaji wote, vijiji vyao, vyombo walivyopiga, aliyewafundisha, na mwaka.